Ombi la Kumzika Bwana Yorma, Mwenyewe Akiwapo

Kijiji cha Nyamitwe,
S.L.P. Kibara,
Bunda.
Machi, 1993.

Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Bunda.

Ndugu Afisa,

YAH: OMBI LA KUMZIKA BWANA YORMA, MWENYEWE AKIWAPO

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa bado nimejifunga kitambaa cha msiba ambacho sijui kama nikifungue. Natumaini wewe na wenzako ofisini ni wazima. Na kama kuna ambaye si mzima, natumaini jambo hilo liko wazi kwa kila mtu, maana huku kwetu haliko wazi.

Naitwa Pelagia Leodgar. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa niko nyumbani. Ninaandika kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi. Kwenye mkutano wa ufukweni nilisimama mara moja, nikakaa. Mzee Werema, ambaye ni mwenyekiti wetu wa ufukwe, akauliza, "Huyo binti wa Leodgar alikuwa anasema au alikuwa ananyoosha miguu?" Mama yangu husema kwamba ningezaliwa samaki ningekuwa furu, wa kukaa kwenye mawe. Kwa hiyo yale niliyotaka kuyasema siku hiyo nayaweka hapa.

Kabla ya malalamiko naomba nieleze jambo lilivyokuwa.

Mbele ya kijiji chetu, ukiwa unaelekea kisiwa cha Rukuba, kuna miamba miwili mikubwa imesimama majini. Tunaiita Mapacha. Chini ya Mapacha kuna pango. Hatukulijua kwa kuliona. Tulilijua kwa sababu nyavu zikiingia hapo hazirudi nzima. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kutamani kujua zaidi ya hayo.

Bwana Yorma ni mtu wa Ufini. Kazi yake ni kuchimba visima upande wa Butiama, pamoja na Magige, mume wa shangazi yangu, ambaye ni dereva wao. Wiki nzima Bwana Yorma anatafuta maji chini ya ardhi, na akipewa mapumziko anataka kuingia kwenye maji mengine. Anazama kwa kupenda, hasa kwenye mapango. Magige ndiye aliyemsimulia habari za Mapacha, akamleta kwetu, kwa sababu baba ana boti yake mwenyewe.

Boti hiyo ni ndogo. Zamani ilikuwa ya chama cha ushirika cha wavuvi. Chama kilipokufa baba aliichukua haina injini na mbao zake zimeoza, akaitengeneza kidogo kidogo, leo msumari, kesho lami, mwishowe injini, kwa kuwa siku zile hata msumari ulikuwa unatafutwa kama dawa. Watu walimcheka. Walisema, "Leodgar amenunua kuni." Sasa ni miaka ya soko huria na kila mtu anatamani kuni za namna hiyo.

Basi Jumamosi ile baba na mwenzake wa kazi, anaitwa Ryoba, walimpeleka Bwana Yorma mpaka Mapacha. Alivaa nguo nyeusi ya mpira inayobana kama ngozi ya kambare, akabeba mtungi wa hewa mgongoni. Anajua Kiswahili cha visima tu. Akasema, "Mimi chini. Wewe ngoja." Akaingia majini. Mapovu yakaanza kupanda. Baba akayafuata kwa macho. Yakasogea mpaka ubavuni mwa mwamba, halafu yakakatika.

Ndugu Afisa, ofisi yako iko mbali kidogo na ziwa, kwa hiyo naomba nieleze. Kwetu aliyezama hufuatwa kwa mapovu. Mapovu yakikatika, basi. Hakuna mvuvi hapa aliyewahi kuona mapovu ya mtu yanakatika halafu mtu mwenyewe anaendelea. Baba alingoja. Akaita. Akapiga kasia kwenye ubavu wa boti. Akajitupa mwenyewe majini mpaka pumzi ikamwishia, akatoka, akarudi tena, mpaka Ryoba akamvuta kwa nguvu. Ndipo wakafanya desturi inavyoagiza: anayepoteza mtu majini hakai pale, anarudi kupiga yowe, kwa sababu anayechelewa kupiga yowe huhesabiwa kuwa ndiye aliyemzamisha.

Baba alipiga yowe boti ikiwa bado haijagusa mchanga.

Tulivyokuja kuelezwa baadaye, muda huo Bwana Yorma alikuwa ndani ya pango. Mapovu yake yalikuwa yanapanda vizuri tu, ila yalikuwa yanaishia kwenye dari la mwamba. Yeye alikuwa anawatazama furu kwa taa.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba hakutuambia mapovu yatakatika.

Mtu huyu alikumbuka kubeba taa, na taa ya akiba kama ile ya kwanza ikizimika, na kisu, na saa isiyoingia maji. Sentensi moja ya kutuambia aliisahau. Kama aliona Kiswahili chake hakitoshi, angeweza kuchora.

2. Kwamba alirudi bila kufuata utaratibu.

Alipotoka pangoni hakuona boti. Alipanda juu ya Mapacha akakaa. Boti ya watu wa Rukuba iliyobeba kuni ikamwokota, na kwa kuwa upepo ulichafuka wakakaa naye huko kisiwani, kwenye kambi yao, mpaka Jumatatu. Alilishwa sato wa kuchoma na kufundishwa bao. Wakati huohuo huku kwetu hakuna boti iliyoingia ziwani, maana nyavu hazishuki mpaka aliyezama aonekane. Kwa hiyo hakuna mtu wetu aliyekwenda Rukuba kutoa habari, na hakuna mtu wa Rukuba aliyejua kwamba anacheza bao na marehemu.

Mimi nilikuwa Musoma kwa mama mdogo Hyasinta, nilikwenda kuulizia matokeo ya mtihani, ambayo hayajafika. Jumatatu hiyo nilishuka kwenye lori nikasikia kilio kinatoka kwetu. Sikuuliza ni nani. Ukiuliza kabla ya kulia unaonekana unachagua. Nililia kuanzia barabarani mpaka uani, nikaanguka mbele ya mkeka ambao juu yake palikuwa na viatu vikubwa kuliko vya mtu yeyote ninayemfahamu. Alikuwa ameviacha kwenye boti, na kwa kuwa mwili haukuwapo vilikaa vyenyewe mahali pa mwili. Nililia sana, ndugu Afisa. Sauti ambayo mkutanoni haitoki, siku hiyo ilitoka yote. Bibi Nyangi, mama yake baba, alinisifu mbele za watu akasema shule haikuniharibu.

Saa ya chakula akatokea mtu mrefu, peku, amejifunga kanga ya Rukuba juu ya ile nguo ya mpira. Akasimama pembeni ya mkeka akasema, "Hodi. Viatu mimi."

Wanawake walikimbia na sufuria ikamwagika. Bibi Nyangi hakukimbia. Alimtazama kuanzia chini kwenda juu akasema, "Kaa chini. Umechelewa."

3. Kwamba alikula matanga yake mwenyewe.

Alikula, akaongezewa, akasifu mchuzi. Mbuzi yule alichinjwa kwa ajili ya wanaolia. Nimewauliza wazee wote ninaoweza kuwauliza bila kuona aibu, yaani wawili, na hakuna aliyenieleza fungu la anayeliliwa ni lipi.

4. Kwamba tayari alikuwa ameshapewa ukoo.

Kwetu huwezi kumlilia mtu kwa jina moja tupu. Lazima useme ni mwana wa nani, asije akafika huko anakokwenda akakosa wa kumpokea. Wanawake walipoanza kulia waliuliza, "Yorma wa nani?" Baba alijua tu kwamba ni wa visima. Wakajaribu "Yorma mwana wa Visima" lakini haikukaa vizuri kwenye kilio. Ndipo bibi Nyangi akakata shauri: "Amefia kwenye boti yetu, ni wetu." Akalia kwa sauti, "Yorma mwana wa Stanislausi!" Stanislausi ni marehemu babu yangu. Watu wote wakapokea.

Ndugu Afisa, ukoo si koti la kuazima. Bibi alimlilia mtu huyu kama aliyemzaa, na mimi nililia kama mtoto wa ndugu yake, ingawa wakati ule sikujua. Alipokwisha kula, mzee Werema alimuuliza umri. Ikaonekana amemzidi baba. Maana yake ni kwamba kama Bwana Yorma amekufa, ni baba yangu mkubwa aliyetangulia, na tunamwombea. Lakini kama yuko hai, basi ni baba yangu mkubwa aliyepo, yaani mkuu wa nyumba yetu, na shamba la mihogo inabidi lisubiri neno lake. Mama alimuuliza kwa heshima kama tuanze kupalilia. Akajibu, "Maji safi." Hatukujua tulichukueje.

5. Kwamba kuna mtoto.

Jumapili, kilio kikiwa kimepamba moto, jirani yetu Wankyo alijifungua mtoto wa kiume. Jina la aliyezama hupewa mtoto wa kwanza anayezaliwa baada yake, lisije likabaki majini. Mtoto akaitwa Yorma. Katekista anasema hajawahi kumsikia mtakatifu wa jina hilo, ila hilo angelivumilia kwa kumpa na jina la pili. Kinachomkwamisha ni kwamba jina hilo lilitolewa kwa sababu mwenyewe amemaliza kulitumia, na kumbe hajamaliza. Amesema hambatizi mtoto mpaka wakubwa waelewane nani ni marehemu. Wankyo naye amesema hambadilishii mtoto jina, kwa sababu akiitwa hivyo ananyamaza, na katika watoto wake wote hakuna aliyewahi kunyamaza.

Bwana Yorma alipoonyeshwa mtoto, alipiga picha.

5 (b). Kwamba anacheka.

Niliona niliweke peke yake. Jumamosi iliyofuata alirudi na Magige kutuletea sukari na sabuni. Kila alipoelezwa jambo lolote kati ya hayo, na hao wanaomweleza kwa mikono, alicheka, akapeana mikono na watu. Nafikiri anadhani ile ilikuwa sherehe ya kumkaribisha.

6. Kuhusu boti.

Boti iliyopoteza mtu hupinduliwa kifudifudi mchangani, na haigeuzwi mpaka mtu huyo azikwe. Asipoonekana, mgomba huzikwa badala yake. Mgomba tulikuwa tumeshaukata. Bwana Yorma alipofika kudai viatu, ulikuwa umelazwa kivulini, umefunikwa shuka ya mama.

Boti za watu wengine ziliruhusiwa kurudi ziwani siku ileile, kwa kuwa aliyezama ameonekana. Ya baba haikuruhusiwa, kwa kuwa ameonekana bila kuzikwa. Nimeitafakari hukumu hiyo kwa siku nyingi na sikuona pa kuivunja.

Kwenye mkutano, Magige ndiye aliyesimama kumtetea baba. Alisema, "Kwetu Butiama ng'ombe akipotea akarudi hatumlilii, tunamkamua. Geuzeni boti, watu wapate kula."

Mzee Werema akamjibu, "Magige, wewe ni mtu wa ng'ombe. Mambo ya maji yaache. Huyu mgeni azikwe, boti igeuzwe. Asipozikwa, boti inakaa."

"Azikwe vipi na huyo hapo anakunywa chai?"

"Basi na boti nayo ikae inywe chai."

Watu walicheka sana, hata waliotaka boti igeuzwe. Ndipo mimi niliposimama na kukaa.

Nilichotaka kusema ni hiki. Boti hii ilipokuwa ya chama cha ushirika ilishawahi kupoteza mtu, karani wa chama, akiwa anapeleka mizani. Haikupinduliwa hata siku moja. Mzee Werema mwenyewe alikuwa kwenye kamati. Haikupinduliwa kwa sababu ilikuwa ya wote, na aibu ya wote hakuna wa kuibeba. Kamati ilikaa, ikasikitika, ikapanga kukaa tena. Sasa ni boti ya mtu mmoja, na aibu nayo ni ya mtu mmoja. Redio inatueleza faida nyingi za kumiliki mali binafsi. Hili haikulitaja, na naona ni vizuri ofisi yako iwakumbushe watu wa redio.

7. Kuhusu baba.

Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Ryoba, ambaye alimvuta baba kutoka majini kwa mikono yake, sasa anasema siku ile alikuwa anaangalia injini, hakuona mapovu wala nini. Amehamia boti nyingine. Baba akipita ufukweni watu wanamwambia, "Leodgar, leo umehesabu watu wako?" Mwingine anamwambia, "Ukienda kuoga utuachie ujumbe." Bhoke anayeuza dagaa alimwambia mbele yangu, "Shemeji, tulikuwaga tunakuaminia hata watoto wetu. Sasa nani bado yuko chini?" Alisema kwa kucheka, lakini mwanawe, aliyekuwa anavuka na baba kwenda kliniki, wiki hii amepandishwa boti ya mtu mwingine.

Siku hizi baba hapiti ufukweni, anazungukia kwenye mihogo. Anasafisha injini ambayo haina uchafu uliobaki. Lori la kununua sangara likipiga honi, hainui kichwa. Juzi nilimkuta amekaa karibu na boti, ameweka kiganja juu ya mbao zake za chini, zile ambazo mwenye boti hazioni ila siku ya kuitia lami. Nilirudi nyuma asinione.

Hakuna mtu atakayeingia tena kwenye boti ya mtu anayeacha watu ziwani. Hilo tunalijua wote nyumbani na hatulisemi. Boti hata ikigeuzwa leo, atampakia nani?

Kwa hiyo nimefikiri hivi, na naomba ufuate polepole. Kama Bwana Yorma amekufa, baba alifanya kila kitu sawasawa: alingoja, aliita, alizama mwenyewe, alipiga yowe kwa wakati, alisimamisha nyavu, alilia, alichinja. Kama Bwana Yorma yuko hai, baba ni mtu aliyemwacha mtu hai katikati ya ziwa akaenda nyumbani. Njia ya tatu nimeitafuta sijaipata. Mtu mmoja hawezi kuwa hai bila mwingine kuwa na kosa.

Na tukiwalinganisha, Bwana Yorma ana kazi, ana kwao, na mkataba wake ukiisha ataondoka. Hapungukiwi na kitu akihesabiwa marehemu hapa kijijini tu. Akiwa Butiama anaweza kuendelea kuwa hai kama kawaida yake. Baba hana kijiji kingine.

MAOMBI

Kutokana na hayo, naiomba ofisi yako:

(a) Imtangaze Bwana Yorma kuwa marehemu, kwa eneo linaloanzia Mapacha mpaka barabara ya Kibara. Hatuombi zaidi ya hapo.

(b) Itupe kibali cha kuuzika ule mgomba kabla haujaoza. Mwenyewe anaweza kuhudhuria, hatumkatazi. Atakaa upande wa wafiwa, kwa kuwa ni ndugu. Ningependa pia aelezwe na ofisi kwamba wakati huo hachekwi mtu, wala hapigwi picha.

(c) Ilifunge pango la Mapacha kwa mtu yeyote anayeingia akiwa na nia ya kutoka. Wasio na nia hiyo hawajawahi kutusumbua. Desturi zetu zinawatosha.

(d) Kama hayo yote hayawezekani, basi imwandikie baba barua fupi, yenye mhuri, kusema kwamba alingoja vya kutosha. Hata mstari mmoja. Ataisoma mwenyewe, ana macho mazuri.

Nakushukuru kwa muda wako, nami najua una tarafa nyingi na ngoma nyingi za kuziandaa. Wasalimie wenzako wote ofisini, kuanzia mlinzi mpaka mpiga chapa. Bibi Nyangi anakusalimu, anasema kama una wazazi uwasalimie, na kama hunao uwataje majina. Mama anakusalimu. Wankyo na mtoto wanakusalimu, mtoto kwa jina lolote mtakaloamua. Baba hajui kwamba nimeandika, kwa hiyo salamu zake nazitoa mimi kwa niaba yake.

Mwananchi mwenzako, mwenye msiba ambao haujakamilika,

Pelagia Leodgar.

NYONGEZA

Ndugu Afisa, kabla ya kufunga bahasha niliona si haki kumzika mtu bila kumshirikisha. Kwa hiyo Jumamosi hii Magige alipomleta tena, nilimpelekea Bwana Yorma barua hii ili aandike pembeni kwamba hapingi, halafu aweke sahihi. Alikuwa amekaa kwenye gari. Akaomba nimsomee kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha darasani, lakini barua haina mtu anayekutazama usoni, kwa hiyo niliisoma nikiwa nimeitazama karatasi tu.

Namba moja mpaka ya tano alicheka kidogo. Ya sita aliacha. Nilipofika ya saba aliniomba nirudie pale baba alipojitupa majini. Nikarudia. Akauliza, "Mara mbili?" Nikasema mara mbili. Kumbe hakuna aliyekuwa amemwambia. Alijua tu kwamba alitoka akakuta boti hakuna, akadhani baba aliona upepo akaondoka.

Sahihi hakuweka. Alishuka akaenda ufukweni, mimi nyuma yake, na ilikuwa saa ya kupakua samaki, watu wote wapo. Akaniambia nitafsiri. Ndugu Afisa, nilitaka kurudi kwenye mawe yangu, lakini hakukuwa na mwingine. Nikatafsiri. Alisema amezama katika nchi nyingi, na watu wa boti anawajua: wengine hulala, wengine huvua samaki, mmoja alimkuta anasoma gazeti. Hajapata kuona mtu anayeangalia mapovu mpaka povu la mwisho, anayejitupa majini bila mtungi wa hewa kumtafuta mgeni, na anayesimamisha ufukwe mzima kwa ajili ya mtu ambaye hamjui hata baba yake. Akasema kama ni kwenda Mapacha, yeye ataenda na Leodgar au hataenda kabisa. Akaongeza kwamba safari nyingine angoje kidogo zaidi. Hilo nalo nilitafsiri, kwa sauti ileile.

Mzee Werema akasema, "Huyu binti kumbe ana koo."

Halafu Bwana Yorma akaishika boti ya baba ubavuni, peke yake, akaanza kuinyanyua. Mzee Werema akapiga kelele, "Wewe! Acha! Hujazikwa!" Bibi Nyangi, aliyekuwa amekaa kwenye nyavu, akasema, "Werema, nyamaza. Kifo ni chake, nani mwenye haki nacho kuliko yeye? Mwanangu, nyanyua." Sikuwa na haja ya kutafsiri. Bhoke akaweka chini beseni lake la dagaa akashika upande wa nyuma. Ryoba naye akaja, hakumtazama mtu. Ikageuka.

Kuna mtu alikwenda kumwita baba kwenye mihogo. Alikuja na mikono ina grisi, akasimama mbali. Alipoona boti imelala inavyotakiwa kulala, alikaa chini mchangani palepale alipokuwa, akajifunika uso kwa mikono hiyohiyo yenye grisi. Watu waligeuka wakaanza kupanga samaki waliokuwa wameshapangwa.

Kwa hiyo naomba uyafute maombi yangu (a), (b) na (c). Mgomba mama amewapa mbuzi. Ombi (d) naona nalo halina haraka tena. Kuhusu pango, usilifunge. Na kama kuna tangazo lolote la kifo limeshapelekwa kwa mpiga chapa, tafadhali lisimamishe. Mwacheni awe hai, angalau mpaka Jumamosi ijayo, maana baba ameshamwahidi kumpeleka Mapacha, na mimi nimeambiwa nipande, nikae mbele, nitafsiri.

P. L.